Somo la Afya: Mtu Mwenye Stoma na Maisha Yake

Katika elimu ya viumbe kila mwanafunzi hufundishwa safari ya chakula. Chakula huanza kinywani, huteremka kooni, huingia tumboni, hupita utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana, na mwisho makapi hutoka nje kwa njia ya haja kubwa. Twachora picha yake katika daftari, twaandika majina, twapata alama zetu, na mambo huishia hapo. Lakini wako watu ambao safari hiyo kwao haimaliziki kama ilivyo katika picha. Makapi yao hutoka kwa tundu lililofunguliwa na daktari katika ukuta wa tumbo, yakaingia katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Tundu hilo huitwa stoma.

Huenda msomaji akauliza, je, jambo kama hili lafaa kuandikwa katika gazeti la shule? Lafaa sana. Wenye stoma si wazee peke yao. Wamo watoto wachanga, wanafunzi, akina mama, wakulima na madereva. Pengine mmoja wao yumo darasani mwako nawe hujui, maana mfuko hukaa chini ya nguo. Tena, kama tutakavyoona, sehemu kubwa ya raha au taabu ya mtu huyo haitoki katika lile tundu lenyewe, bali hutoka kwetu sisi tulio karibu naye. Kwa hiyo somo hili si la wagonjwa tu. Ni letu sote.

STOMA NI NINI?

Stoma ni neno la Kiyunani, na maana yake ni kinywa. Jina hili limefaa, kwani stoma yenye afya ni nyekundu na yenye unyevu, kama upande wa ndani wa shavu. Ni sehemu ya utumbo iliyotolewa nje na kushonwa kwenye ngozi ya tumbo. Ikifutwa kwa nguvu huweza kutoa damu kidogo, kama ufizi utoavyo damu kwa mswaki mgumu. Jambo la ajabu ni kwamba stoma yenyewe haisikii maumivu ya kuguswa wala ya kukatwa. Mwenye nayo aweza kuikwaruza asijue, na ndiyo sababu yampasa kuitazama kwa macho kila siku.

Stoma haina msuli wa kuibana, kama ule ulioko katika njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mtu mwenye stoma hawezi kuzuia choo wala hewa isitoke. Huu si uchafu wake, wala si ukosefu wa adabu. Ndivyo lilivyo umbile la kitu chenyewe. Msomaji ashike neno hili moyoni, maana tutalirudia.

Stoma za chakula ziko za aina mbili kubwa. Ikifunguliwa katika utumbo mpana huitwa kolostomi. Ikifunguliwa mwishoni mwa utumbo mwembamba huitwa ileostomi. Tofauti yake yatokana na kazi za matumbo hayo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi, na kazi yake kubwa ni kunyonya lishe. Utumbo mpana una urefu wa mita 1 na nusu hivi, na kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi. Basi kolostomi iliyo mwishoni mwa utumbo mpana hutoa choo kigumu kidogo, karibu sawa na cha mtu yeyote. Lakini ileostomi hutoa choo chepesi kama uji, mara nyingi kwa siku, kwa kuwa maji yake hayajapata kunyonywa. Kiasi chake huwa kama nusu lita hadi lita moja kwa siku. Tena ndani yake mna maji makali ya kuyeyushia chakula, nayo yakigusa ngozi huibabua.

KWA NINI MTU AFUNGULIWE STOMA?

Sababu ni nyingi. Watoto wengine huzaliwa bila njia ya haja kubwa iliyo wazi. Hutokea kwa mtoto 1 hivi katika kila watoto 5,000. Wengine huzaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na mishipa ya fahamu, hata choo hakisukumwi. Kwa watu wazima yako saratani ya utumbo mpana, vidonda vya utumbo mpana visivyopona, utumbo kujisokota, na utumbo kutoboka kwa homa ya matumbo. Wako pia walioumia katika ajali za barabarani, au kwa risasi, au kwa kisu, na akina mama walioumia vibaya wakati wa kujifungua.

Kwa wengi stoma ni ya muda. Daktari huifungua ili sehemu iliyoshonwa chini yake ipumzike na kupona, kisha baada ya miezi kadhaa huifunga tena. Kwa wengine, hasa wale waliokatwa sehemu ya mwisho ya utumbo, stoma ni ya maisha. Lakini ikiwa ya muda au ya maisha, kusudi lake ni moja, nalo ni kumwokoa mtu asife. Choo kisipopata njia, tumbo hufura, utumbo hupasuka, na mauti hufuata.

HISTORIA YAKE KWA UFUPI

Mwaka 1710 mganga wa Ufaransa aitwaye Alexis Littré aliuchunguza mwili wa mtoto mchanga aliyekufa kwa kukosa njia ya choo, akatoa shauri kwamba utumbo waweza kufunguliwa kupitia tumboni. Mwaka 1793 Mfaransa mwingine aitwaye Duret, katika mji wa Brest, alimpasua hivyo mtoto wa siku 3. Mtoto yule alikua, akaishi hata akafika miaka 45. Kumbuka kwamba siku zile hapakuwa na dawa ya usingizi, wala watu hawakujua habari za vijidudu.

Hata hivyo kuokoka ni jambo moja, na kuishi vizuri ni jambo lingine. Kwa muda mrefu wenye stoma walijifunga vitambaa, vikombe vya chuma na mifuko ya mpira iliyovuja na kunuka. Mwaka 1952 Bryan Brooke wa Birmingham, Uingereza, alieleza namna ya kuupindua mwisho wa utumbo, kama mtu akunjavyo mkono wa shati, ili stoma iinuke juu ya ngozi na choo kianguke mfukoni pasipo kuibabua ngozi. Mwaka 1954 muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, alibuni mfuko wenye gundi wa kubandika na kutupa. Alifanya hivyo kwa ajili ya dada yake Thora, ambaye baada ya kufunguliwa stoma aliogopa kutoka nje ya nyumba. Na mwaka 1958, katika mji wa Cleveland, Marekani, daktari Rupert Turnbull alimwita Norma Gill, mama aliyekuwa na ileostomi mwenyewe, aje kuwafundisha wagonjwa wengine. Huo ndio mwanzo wa kazi ya wauguzi wa stoma.

Tazama, msomaji, kwamba watu hawa wa mwisho hawakuzuia kifo tu. Brooke alishughulikia ngozi, Sørensen hofu ya kutoka nje, na Norma Gill upweke wa mgonjwa. Walijua kwamba mtu aliyepona kisha akajificha ndani hajapona bado.

MAISHA YENYEWE

Wataalamu wanaopima hali ya maisha ya wenye stoma huyatazama mambo manne: mwili, moyo, ushirika na watu, na imani. Nasi tutafuata mpango huo.

Kwanza, mwili. Jambo la kuanzia ni mahali pa stoma. Kabla ya kupasua, ikiwa si jambo la dharura, daktari au muuguzi humwambia mgonjwa akae, asimame na kuinama, kisha huweka alama mahali ambapo mgonjwa ataweza kupaona mwenyewe, mbali na mikunjo ya tumbo, makovu na kitovu. Hapo yafaa mgonjwa aseme jinsi anavyovaa na anavyofanya kazi. Anayefunga kanga au kikoi, anayevaa mkanda wa sare, na mama anayebeba mtoto, kila mmoja ana mahali pake pa kuepuka. Stoma iliyowekwa pabaya huvuja, nayo hiyo humsumbua mtu siku zote.

Jambo la pili ni ngozi. Ngozi ya pembeni mwa stoma ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, ikaushwe vizuri, ndipo mfuko ubandikwe. Sabuni zenye manukato, spiriti na mafuta hazifai hapo, kwa kuwa huzuia gundi kushika au huichoma ngozi. Tundu la mfuko likatwe kubwa kuliko stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa mno, choo hugusa ngozi na kuibabua. Na kwa kuwa stoma hupungua ukubwa katika wiki 6 hadi 8 za kwanza, yafaa kuipima tena mara kwa mara. Mfuko umwagwe ufikapo theluthi moja au nusu, usingojewe ujae, maana uzito wake huubandua.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mifuko hii ni ghali, au haipatikani karibu. Watu hujifunga vitambaa, au huosha mfuko mmoja na kuutumia tena na tena. Asiyekuwa na mfuko atumie vitambaa safi vya pamba, avibadilishe mara vilowapo, na hapo ndipo apake mafuta mazito katika ngozi ya pembeni ili choo kisiiguse. Mfuko wa gundi na mafuta haviendi pamoja. Vitambaa na mafuta huenda pamoja.

Jambo la tatu ni chakula na maji. Mwenye kolostomi, akiisha kupona, aweza kula karibu kila alichokuwa akila. Ale mboga na matunda na anywe maji, ili choo kisikauke. Maharage, kabichi, vitunguu na soda huleta hewa, basi avijaribu kidogo kidogo aone vinavyompatana. Mwenye ileostomi ana uangalifu zaidi. Mahindi ya kuchoma, makande, nazi, karanga, korosho na uyoga huweza kuziba mlango, kwa hiyo avile kwa uchache na kuvitafuna sana. Wali, ndizi na viazi humsaidia kukifanya choo kiwe kizito. Tena hupoteza maji na chumvi nyingi kila siku. Akiharisha, au jua likiwa kali, aweza kuishiwa maji mwilini upesi kuliko wenzake. Dawa ya kuongeza maji iwe karibu. Ikikosekana, hutengenezwa kwa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Wengine huacha kula kabla ya safari au mtihani, wakidhani mfuko hautajaa. Hilo ni kosa. Tumbo tupu huendelea kutoa maji na hewa, naye mtu hudhoofika bure.

Jambo la nne ni kazi na michezo. Katika miezi 2 au 3 baada ya kupasuliwa, mtu asiinue vitu vizito, asije akapata ngiri kando ya stoma. Ndoo ya maji, gunia na jembe vingoje. Baadaye, kwa ruhusa ya daktari, aweza kulima, kukimbia, kuogelea, na kucheza michezo isiyo ya kupigana tumboni. Rolf Benirschke, mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika timu ya San Diego, aliugua vidonda vya utumbo mpana mwaka 1979, akapasuliwa mara mbili na kufunguliwa stoma. Mwaka 1980 alirudi uwanjani, akaendelea kucheza hata mwaka 1986. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ziko dalili za kumpeleka mtu hospitali bila kuchelewa: stoma kugeuka kuwa nyeusi au ya buluu, damu isiyokoma, tumbo kuuma na kutapika huku hakuna kitu kinachotoka katika stoma kwa saa kadhaa, au choo cha maji matupu kutoka kwa wingi pamoja na kiu na kizunguzungu.

Pili, moyo. Mtu aamkaye kitandani na kuuona utumbo wake nje hushtuka. Wengine hulia, wengine hukataa kuitazama, wengine husema heri wangekufa. Huzuni hii si ujinga, wala haiondolewi kwa kuambiwa jikaze. Hupungua mtu ajifunzapo kujihudumia kwa mikono yake mwenyewe, na apatapo wa kusema naye, hasa mtu aliyekwisha kupita njia hiyo. Mficha uchi hazai. Anayemficha muuguzi taabu yake hukosa dawa iliyo karibu naye.

Tatu, ushirika na watu. Hofu kubwa ya mwenye stoma ni harufu na sauti. Mfuko mzuri uliobandikwa sawasawa haunuki. Harufu hutoka wakati wa kuumwaga, kama ilivyo kwa kila mtu aendaye chooni. Lakini hofu ikimshika mtu, huacha kupanda basi, huacha kwenda harusini na msibani, huacha sokoni, mwisho huacha hata rafiki zake. Ndipo watu husema ugonjwa umemtenga, kumbe ni woga, nao umekuzwa na macho na minong'ono yetu. Yafaa tujue pia kwamba wenye stoma huoa na kuolewa, na wanawake wengi wenye stoma wamezaa watoto salama.

Nne, imani. Wako wanaodhani stoma ni laana au uchawi. Si hivyo, ni kazi ya daktari, na sababu zake tumezieleza. Mwislamu huogopa kwamba hatakuwa tohara kwa sala. Wanazuoni humhesabu mtu ambaye najisi humtoka pasipo kuweza kuizuia kuwa ni mwenye udhuru. Hutawadha kwa kila sala ya faradhi wakati wake ukiisha kuingia, kisha husali. Kuhusu saumu, mwenye ileostomi aulize kwanza kwa daktari na kwa shehe wake, kwa sababu ya hatari ya kuishiwa maji. Na Mkristo anayeogopa kuketi katikati ya kanisa aketi karibu na mlango, na asiwepo wa kumwuliza kwa nini.

WAJIBU WETU

Tuseme mwanafunzi mmoja alikwenda hospitali katikati ya muhula, akarudi na stoma. Je, atamaliza masomo yake, au atakwenda nyumbani asirudi tena? Jibu lake halimo mikononi mwa daktari peke yake.

Mwalimu wa darasa ampe ruhusa ya kutoka wakati wowote bila kuinua mkono na kueleza mbele ya wenzake. Bwenini apewe kitanda karibu na mlango. Kiwepo choo kimoja chenye komeo, maji, msumari wa kutundikia mfuko wake wa vifaa, na ndoo ya taka yenye kifuniko. Asitumwe maji wala shamba mpaka daktari aruhusu. Habari zake zijulikane na wale tu wanaopaswa kuzijua, na ambao yeye mwenyewe amekubali wazijue.

Wazazi wasimfiche mtoto wala wasimfanyie kila kitu. Mtoto akifika umri wa kujifunga vifungo vya shati aweza kuanza kujifunza kushika mfuko, kuosha ngozi, na kusema anapoona mabadiliko. Kila asubuhi atiliwe katika mkoba wake mfuko wa akiba, kitambaa na nguo ya kubadili.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ni ndogo lakini ndiyo nzito kuliko zote. Sauti ikisikika darasani, msicheke. Mwenzenu hakuweza kuizuia, na ninyi mwajua sababu, kwa kuwa stoma haina msuli. Mwiteni mchezoni kama mlivyokuwa mkimwita. Akitaka kueleza, msikilizeni, asipotaka, msimwulize. Daktari amekwisha kumpa uhai; kicheko kimoja chaweza kumfanya auone uhai huo kuwa mzigo, na urafiki mmoja waweza kumwezesha kuubeba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti ya kolostomi na ileostomi, na sababu ya choo chake kutofanana.
2. Kwa nini mwenye stoma hawezi kuzuia choo wala hewa?
3. Taja dalili tatu za kumpeleka mwenye stoma hospitali upesi.
4. Kwa nini mafuta yanafaa pamoja na vitambaa lakini hayafai chini ya mfuko wa gundi?
5. Tazama vyoo na mabweni ya shule yetu. Taja mambo mawili ambayo yangepaswa kubadilishwa ili mwanafunzi mwenye stoma aweze kuishi na kusoma hapa, kisha mpelekee mwalimu wa afya shauri lako.